Injini Inanguruma, Boti Haiendi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Boti za Stendraivu

Huku kwetu Mtwara na Lindi boti nyingi zinatumia injini ya kupachika nyuma, na fundi wa hizo hukosi, iwe Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi mjini. Stendraivu ni chache, nyingi ni zile za kuvulia kwa starehe au za kubeba wageni, na zimefika hapa zikiwa zimeshatumika sehemu nyingine. Ndiyo maana ikitokea nguvu imekata ghafla, injini inapiga resi na boti imeganda palepale, neno la kwanza utakalosikia ufukweni ni "gia boksi imekufa", na mwenye boti anaanza kutafuta hela ya gia boksi. Mara nyingi sana siyo gia boksi. Yaliyo hapa chini yameandikwa ili usiagize kitu Dar, kilomita zaidi ya 500 ukiwa Mtwara, kabla hujajua kwa uhakika kilichoharibika ni kipi.

Stendraivu ndiyo ipi hasa?

Injini imekaa ndani ya boti, nyuma kabisa, inafanana na injini ya gari, halafu nje ya shetri kuna mguu unaoshuka kwenye maji wenye propela. Volvo Penta ndio walioitoa sokoni mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, MerCruiser wakafuata 1961, na hadi leo boti nyingi utakazokutana nazo ni za hao wawili.

Njia ya nguvu uishike kichwani maana kila jibu hapa linaifuata. Flaiwili ya injini inazungusha kaplingi, kaplingi inashika meno ya shafti, shafti ina krosi mbili, yaani viungio vinavyopinda, ili mguu uweze kukata kona na kunyanyuka, halafu gia za juu zinageuza mzunguko kwenda chini, shafti ya wima inashuka, gia za chini zinageuza tena kwenda nyuma, mwisho propela shafti na propela yenyewe. Popote hapo pakikatika matokeo ni yaleyale, kelele ipo mwendo hakuna. Kinachotofautisha ni dalili ndogondogo.

Niko baharini sasa hivi, injini inapiga resi boti haiendi. Nianze na nini?

Punguza mafuta, rudisha liva frii, usiendelee kuikaba ukidhani itashika. Kila sekunde unayopiga resi kitu kinachoteleza huko ndani kinazidi kuchomeka, na kilichokuwa kinaweza kukurudisha taratibu nyumbani unakimaliza hapohapo.

Kisha nanga, kama kina kinaruhusu. Na hili watu wa Msimbati na Mnazi Bay wanalijua, ukishatoka nje ya mwamba kina kinashuka haraka sana, kamba ya nanga haifiki chini, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini, ukiwa ni msimu wa kusi ndio upepo nao unasukuma hukohuko. Kwa hiyo usikae nusu saa kichwa kimezama kwenye chumba cha injini huku boti inasafiri yenyewe. Mtu mmoja aangalie nchi kavu iko wapi, wavae maboya wote, kama una redio ya VHF toa taarifa chaneli 16 mapema, kama mtandao wa simu unashika piga kwa mtu aliye bandarini ajue ulipo. Baada ya hapo ndio ushughulike na mashine.

Jambo la kwanza kwenye mashine ni mguu umekaaje. Kama umenyanyuliwa sana na bahari imechafuka, propela inavuta hewa kutoka juu, injini inaruka resi ghafla na boti inapoteza nguvu, hakuna kilichovunjika. Shusha mguu hadi chini, tia gia taratibu, ongeza mafuta kidogokidogo. Ikishika, shukuru Mungu uendelee na safari.

Haikushika? Zima injini, chomoa ufunguo uweke mfukoni mwako mwenyewe, ndipo unyanyue mguu uangalie propela. Mfuko wa plastiki, kamba ya dema, kipande cha jarife, kamba za mashamba ya mwani, vyote hivi vinajifunga pale. Na angalia kama propela yenyewe ipo! Nati ikilegea propela inaondoka mzima mzima na wewe huna habari.

Propela ipo na haina kitu. Nitajuaje kama tatizo ni propela au ni la ndani?

Injini imezimwa, ufunguo mfukoni. Shika propela uizungushe kwa mkono na macho yako yawe kwenye nati ya katikati. Propela ikizunguka na nati imesimama, basi mpira wa katikati ya propela umeachia kabisa, kazi imeisha, huna haja ya kugusa kitu kingine.

Vikizunguka pamoja, tia gia ya mbele, na kwa miguu aina ya Alpha ya MerCruiser mwenzako azungushe propela taratibu wakati wewe unasukuma liva, maana meno ya klachi yake hayaingiani yenyewe kama vyote vimesimama. Gia ikiingia, upande mmoja propela inagoma na upande wa pili inatoa mlio wa tik-tik-tik. Ukiupata huo mgomo na huo mlio, kebo ya gia inafika na klachi inashika, tafuta kwingine. Usiilazimishe kwa nguvu upande inaogoma, kuhisi tu kunatosha.

Kwa Bravo, mguu mwingine wa MerCruiser, na miguu mingi ya Volvo Penta kipimo hiki kitakudanganya. Klachi zao ni za koni na zimekaa juu, zinabana zikizungushwa na injini, kwa hiyo ukizungusha kwa mkono zinaweza zisigome hata kama ni nzima. Usimhukumu mtu kwa kipimo kisichomhusu.

Huo mpira wa propela ni nini, na unaachiaje?

Katikati ya propela kuna bomba la shaba lenye meno linalokaa kwenye shafti, na kati ya bomba na mwili wa propela kumesindikwa mpira kwa nguvu kubwa. Propela za kisasa zaidi zina bushi ya plastiki ngumu inayotoka na kubadilishwa. Kazi yake ni kufa badala ya gia, ukigonga mwamba mpira ndio unaoteleza ili meno ya gia yasivunjike. Sasa ukishagonga hata mara moja, au ukizeeka, unateleza hata bila kugonga.

Dalili zake nazirudia kila siku kwa watu. Boti inaondoka vizuri taratibu, ukikaba mafuta inyanyuke juu ya maji injini inaruka resi na boti inalala. Ukipunguza inashika tena. Hakuna kelele ya chuma, hakuna harufu ndani ya chumba cha injini. Mbele na rivasi vyote viwili vinasumbua kwa namna ileile.

Kuthibitisha hakuna gharama. Kausha nyuma ya propela, chora mstari mmoja kwa rangi au kwa makapeni ya kudumu, uanzie kwenye bomba la ndani uvuke mpira hadi kwenye mwili wa propela. Ingia majini, kaba mpaka iteleze, rudi uangalie. Mstari ukikatika, nusu iko huku nusu iko kule, mpira umeteleza na hakuna fundi anayeweza kubishana na huo mstari.

Mbona tukiipandisha nchi kavu propela inazunguka vizuri kabisa?

Kwa sababu hewani hakuna mzigo. Mpira uliochoka una nguvu ya kutosha kuzungusha propela hewani, hauna nguvu ya kusukuma maji. Kaplingi iliyochanika hivyohivyo. Nimeona boti imetangazwa nzima kwa kipimo hicho, imeshushwa, haikuvuka hata mita 100.

Na wakati mnaijaribu juu ya nchi kavu, vikombe vya maji viwe kwenye mguu na bomba limefunguliwa kabla ya kuwasha, impela ya pampu ni ya raba, ikizunguka kavu inaungua. Wala pasiwe na mtu nyuma ya propela, mtoto ndio kabisa.

Mbele haiendi ila rivasi inaenda. Hapo nini?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, na watu wengi hawalijaribu kabisa. Jaribu gia zote mbili kabla hujafungua chochote! Kaplingi, krosi, shafti ya wima na propela vinatumika mbele na nyuma. Kwa hiyo gia moja ikifanya kazi na nyingine hapana, hivyo vyote ni vizima, unabaki na vitu viwili, kebo ya gia iliyopoteza kipimo au klachi yenyewe iliyolika upande huo. Anza na kebo, ni rahisi na ni nje.

Ikiwa zote mbili hazipo, na propela umeshahakikisha ni nzima kwa ule mstari, basi ni kebo iliyokatika ikauacha mguu frii, au kitu kimekatika kwenye njia ile ya nguvu.

Kebo naikaguaje?

Mnakuwa wawili. Mmoja kwenye liva, mwingine kafungua kifuniko cha injini anaangalia kile kibao ambapo kebo ya kutoka kwenye liva inakutana na kebo ya kwenda kwenye mguu, injini imezimwa. Liva ikienda mbele na kibao hakitikisiki, kebo ya juu imekatika au imechomoka kwenye pini. Kibao kikienda na mguu hauitikii, kebo ya chini. Hiyo ya chini ndiyo inayoteseka zaidi kwa maji ya chumvi kwa sababu inapita shetri kwenda nje, inaota kutu ndani ya ganda na kwa macho unaiona nzima.

Kama mguu umetoka kuvuliwa na kurudishwa halafu ndio gia zimepotea, rudi kwa aliyeurudisha. Kwenye Alpha kuna kiungio cha gia kinachotakiwa kukutana sawasawa wakati mguu unasukumwa ndani, kisipokutana unafunga nati zote na mguu unakaa vizuri tu, gia haipo.

Ukitia gia injini inazima. Hilo nalo ni upotevu wa nguvu?

Kwa mwenye boti ni lilelile, haendi. Kwenye Alpha kuna swichi inayokata moto kwa sekunde ndogo sana ili gia itoke kirahisi. Kebo ya chini ikiwa nzito swichi inabaki imebonyezwa na injini inazima. Watu wanabadili plagi, wanasafisha kabureta, wanalaumu mafuta ya pampu fulani. Badili kebo.

Kulikuwa na harufu ya raba inaungua ndani, na sauti ilitoka kwenye injini siyo kwenye mguu.

Hapo nasikitika kukwambia ni kaplingi, na hiyo ndiyo kazi nzito.

Kaplingi imefungwa kwenye flaiwili kwa boliti, ina sehemu ya kati yenye meno, na kati yake na sehemu ya nje kuna raba ya kumeza mtikisiko. Inakufa kwa namna mbili. Raba inachanika, na hapo ndio unapata harufu na wakati mwingine moshi, ukimulika chini ya flaiwili unakuta unga mweusi wa raba umetapakaa. Au meno ya ndani yanalika mpaka yanakuwa laini, na hapo unasikia mkwaruzo mkali wa chuma nyuma ya injini huku propela imesimama.

Kuthibitisha lazima mguu uvuliwe, Alpha unavuliwa ukiwa kwenye gia ya mbele, Bravo ukiwa frii, usichanganye. Ukishatoka, mulika tochi kwenye tundu uangalie meno ya kaplingi, halafu angalia meno ya shafti iliyotoka na mguu. Meno mazima yana kona, yaliyolika yana ncha kali au yamekuwa mviringo na yanang'aa. Kisha ule mguu ulio chini, uweke gia ya mbele, zungusha shafti ya krosi kwa mkono, upande injini inakozungukia. Propela ikizunguka vizuri bila kukwama na bila mlio, mguu ni mzima na shida yote iko upande wa injini. Shafti ikizunguka na propela imelala, kilichovunjika kiko ndani ya mguu. Kipimo hiki kimoja ndicho ningetaka kila mwenye stendraivu asimame pale akione kwa macho yake kabla ya kutoa hela, kwa sababu kinagawa gharama katika makundi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kwenye MerCruiser nyingi kubadili kaplingi lazima injini isogezwe mbele au itolewe kabisa. Fundi akikwambia hivyo hakuibii.

Kwa nini kaplingi ife wakati injini haijaguswa miaka?

Ndiyo sababu yenyewe, haijaguswa. Injini inakaa juu ya mipira na mbao, miaka ikienda inashuka kidogo, shafti inaingia kwenye kaplingi ikiwa imepinda, meno yanasagana. Kuna chuma maalum cha kupimia, kinapitishwa kwenye beringi ya shetri mpaka kwenye kaplingi, kinatakiwa kiingie na kutoka kwa vidole tu. Kikigoma, injini inapandishwa au kushushwa kwa nati za mbele mpaka kiingie. Kifanyike kila mguu unapovuliwa, na meno yapakwe grisi yake, angalau mara moja kwa mwaka. Ukiweka kaplingi mpya bila kupima hivyo, hiyo mpya nayo itakufa, na haraka kuliko ya kwanza.

Kabla haijakata ilikuwa inagonga nikikata kona.

Krosi. Mlio unazidi usukani ukiwa umekatwa, na boti ikinyooka unapungua. Ukisikia ngurumo ya kuendelea badala ya kugonga, shuku ile beringi ya shetri. Chanzo cha yote mawili ni mpira wa mikunjo unaofunika krosi, ukichanika maji ya bahari yanaingia na grisi inageuka uji wa kutu. Mguu ukibaki umenyanyuliwa miezi mingi juani mikunjo inapasuka mapema zaidi, kwa hiyo boti ikipumzika shusha mguu. Krosi ikivunjika kabisa mwendo unakata kwa kishindo, na vipande vinaweza kutoboa huo mpira, maji yakaanza kuingia ndani ya boti. Kwa hiyo ukisikia kishindo angalia maji kwanza.

Oili ya mguu nikiiangalia itaniambia nini?

Mengi. Legeza skrubu ya chini kidogo, kinga kwenye kopo safi. Oili nyeupe ina maji, sili imekufa, na huku kwetu mhalifu mkubwa ni mshipi wa nailoni unaojifunga nyuma ya propela na kukata sili ya shafti, kwa hiyo propela ikitolewa uangalie pale nyuma kila mara. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida. Vipande unavyovishika kwa kucha siyo vya kawaida, hapo ndipo neno gia boksi linaruhusiwa. Ukijaza, jaza kutokea tundu la chini mpaka itokee juu, ukimimina kutoka juu hewa inabaki ndani na utadhani imejaa.

Naweza kurudi nayo taratibu hadi Mikindani au Kilwa?

Kama ni mpira wa propela, mara nyingi ndiyo, kwa resi ndogo sana na bila kumruhusu mtu akwambie ongeza kidogo. Kaplingi ya raba wakati mwingine nayo inakubali. Kukiwa na mkwaruzo wa chuma, kishindo au maji ndani, zima, subiri kuvutwa. Ukivutwa nyanyua mguu propela itoke majini kama unaweza, kamba ifungwe omo chini, siyo kwenye reli ya kushikia.

Bandarini hakuna chelezo wala treila. Propela nabadilishaje?

Tumia maji yetu. Siku za bamvua bahari hapa inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ingiza boti kwenye mchanga safi maji yakiwa yanaanza kupwa, mguu umenyanyuliwa juu kabisa, tezi ielekee baharini. Maji yakishuka unafanya kazi miguu mikavu, na una saa chache za uhakika. Maji mafu usijaribu, utapata magotini tu. Tandika turubai chini ya propela kabla ya kufungua, nati na washa vikianguka kwenye mchanga wa maji huvipati. Wakati wa kufunga weka kipande cha mbao kati ya bawa la propela na bamba la mguu lisizunguke, paka grisi kwenye shafti, ile washa nene ya mbele iingie kwanza maana ikisahaulika propela inasaga mguu, na mwisho kunja masikio ya washa ya kufungia.

Spea gani nikae nazo kwenye boti?

Propela nyingine hata ya mitumba, nati na washa zake zote, spana inayoingia kwenye nati hiyo, kipande cha mbao, grisi ya baharini, kisu kikali cha kukata kamba na tochi. Nyumbani kaa na kebo ya chini ya gia na mpira wa mikunjo. Kaplingi usinunue kabla, ila andika namba ya mguu na ya injini uipige picha kwenye simu, maana siku ukipiga Dar swali la kwanza utakaloulizwa ni namba, na kaplingi za injini zinazofanana kwa macho hazilingani meno.